Maswali ya Wasomaji: Mahindi, Kutoka Shimoni Hadi Sufuriani

Barua za mwezi huu zimekuja za aina mbili: za vijana wanaoingia shambani kwa mara ya kwanza, na za walaji wanaolalamikia unga. Tumezichanganya makusudi. Mama wa Temeke anayeuliza kwa nini dona lake limekuwa chungu na mkulima wa Kongwa anayeanika mahindi chini wanaulizia punje ileile, kila mmoja kutoka upande wake.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, Morogoro. Tumepewa eneo la mita 10 kwa 10 tufanye shamba darasa la mahindi. Mwaka jana watoto walipanda mstari mmoja kuzunguka uzio wa shule. Mimea ilistawi, lakini mahindi yalitoka na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Tulikosea wapi, na safari hii tupande vipi?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Mlikosea kwenye huo mstari mmoja. Mahindi huchavushwa na upepo. Mbelewele iliyo juu ya mmea ndiyo dume, nayo humwaga chavua. Hindi lililo katikati ya shina ndilo jike, na ndevu zake ndizo zinazoipokea. Kila unywele mmoja wa ndevu umeungana na punje moja. Unywele usipoguswa na chavua, punje yake haiumbiki, na hapo ndipo pengo linapotokea. Mkipanda mstari mmoja na upepo ukavuma kutoka ubavuni, chavua yote huenda kwa jirani. Pandeni mraba, ili upepo ukitokea popote ukute mimea mingine upande wa pili.

Vipimo vya eneo lenu ni hivi. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30, na kila shimo libaki na mche mmoja. Anzeni mstari wa kwanza sentimita 35 kutoka ukingoni, mtapata mistari 13 yenye mashimo 33 kila mmoja, yaani mashimo 429. Fungeni mafundo kwenye kamba kila sentimita 30. Watoto wakipima kwa hatua za miguu, kila mmoja atakuwa na shamba lake. Wekeni mbegu mbili kila shimo, kiasi cha gramu 300 kwa eneo zima, kisha siku 10 hadi 14 baada ya miche kutokeza mng'oe ule dhaifu. Hiyo kazi ya kung'oa fanya wewe au isimamie mwenyewe. Watoto huwa wanauonea huruma mche wa pili, na ukibaki miwili kila shimo kwa nafasi hiyo, mahindi yatakuwa kama vidole.

Mbolea ya kupandia, kama ni DAP, ni kilo moja na robo kwa eneo lote. Ukigawa, kila shimo linapata karibu gramu 3, ambayo ni nusu ya kizibo cha soda. Chimbeni shimo la sentimita 10, tieni mbolea, rudishieni udongo sentimita 5, ndipo mbegu iwekwe na kufunikwa. Mbegu ikilala juu ya mbolea huungua kabla haijatokeza, na mtadhani mlinunua mbegu mbovu. Kama mnatumia samadi, iwe imeoza kabisa, konzi mbili kwa shimo. Jambo jingine: mbegu za dukani zenye rangi nyekundu, kijani au buluu zimepakwa dawa. Si za kutafuna wala kukaanga, na kila aliyezishika anawe mikono kwa sabuni.

Somo lenyewe litakuja wiki ya nane au ya tisa, kutegemea joto la kwenu. Kabla ndevu hazijatokeza, chagueni mahindi matatu myafunike kwa mifuko ya karatasi, mfunge kwa uzi na kuiacha hadi ndevu za mengine zikauke. Mkiyafungua mtakuta gunzi tupu. Kisha chukueni hindi jingine ambalo ndevu zake zimekaa wazi kama siku nne, lichumeni, mpasue maganda kwa kisu taratibu bila kuzing'oa ndevu, mlishike ncha ikitazama chini na kulitikisa. Ndevu za punje zilizokwisha kuchavushwa hudondoka zenyewe, na ambazo hazijapata zitabaki zimeng'ang'ania. Watoto wakihesabu zilizobaki, wamehesabu mapengo kabla hayajaonekana.

Na msilaumu mpango wa kupanda kwa kila pengo. Jua likiwaka sana wakati wa kuchanua, ndevu huchelewa kutoka na mbelewele inakuwa imeshamwaga chavua yake. Pengo la ncha peke yake mara nyingi ni la namna hiyo, kwa sababu ndevu za ncha ndizo hutoka mwisho.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Kitale. Nimehesabu mistari ya punje kwenye mahindi mengi na sijawahi kupata 13 wala 15. Ni bahati?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kuhesabu. Si bahati. Hindi likiwa bado dogo kuliko ukucha, kila kichipukizi kwenye gunzi hugawanyika mara mbili, na kila nusu huanzisha mstari wake. Kwa hiyo mistari huja jozi jozi: 12, 14, 16, 18. Ukipata idadi isiyo shufwa, hesabu tena katikati ya hindi. Karibu na kitako au ncha mstari unaweza kukatika na kukudanganya. Idadi ya mistari huamuliwa zaidi na aina ya mbegu. Urefu wa mstari ndio unaotegemea mvua, mbolea na palizi.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mbozi, msimu huu ni wangu wa pili. Mwaka jana nilinunua mbegu chotara nikavuna vizuri sana. Nikachagua mahindi makubwa kabisa nikayahifadhi kwa mbegu. Sasa shamba limekuwa na mimea mirefu, mifupi, mingine imewahi kuchanua, mingine bado. Je, aliyeniuzia alinitapeli?

JIBU: Hakukutapeli, ndugu. Mbegu chotara ni mtoto wa wazazi maalumu waliochaguliwa na kukutanishwa, na nguvu yake kubwa iko kwenye uzao huo wa kwanza. Ukiipanda tena, tabia za mababu zinatawanyika: huyu anachukua urefu, yule ufupi, mwingine udhaifu dhidi ya magonjwa. Ukubwa wa hindi ulilochagua haukusaidii hapo. Chotara hununuliwa kila msimu, na gharama yake iingie kwenye hesabu tangu mwanzo: kilo 8 hadi 10 kwa ekari.

Kama fedha ni kikwazo, kuna mbegu za uchavushaji huria, kwa mfano Staha, TMV-1 na Situka. Hizo unaweza kujiwekea mwenyewe kwa misimu kama mitatu hivi. Masharti yake: chagua mmea ungali umesimama shambani, usisubiri kuchagua kwenye rundo nyumbani, maana rundo halikuonyeshi kama shina lilianguka au liliugua. Chukua kutoka katikati ya shamba, ambako chavua ya jirani haifiki kwa wingi. Chukua mimea mingi, mia moja na zaidi, isiwe mahindi kumi ya kuvutia macho. Pukuchua punje za katikati ya hindi; za kitakoni na za nchani zipeleke jikoni.

Utapeli nao upo, wa mahindi ya kawaida kupakwa rangi na kufungwa kama mbegu. Nunua mfuko uliofungwa kiwandani wenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu (kwa wasomaji wa Kenya, KEPHIS), soma tarehe ya mwisho ya matumizi, dai risiti, na utunze mfuko mtupu hadi uvune. Bila mfuko na risiti huna kesi. Wiki mbili kabla ya mvua hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, zikae siku saba zikiwa na unyevu. Zikiota pungufu ya 85, ongeza idadi ya mbegu kwa shimo au rudi dukani mapema.

SWALI: Nilipanda mahindi meupe Songea, nimevuna meupe yenye punje za njano humo humo. Je, yanaliwa?

JIBU: Yanaliwa bila wasiwasi. Jirani yako alipanda ya njano na chavua yake ikaruka. Rangi ya punje haitokani na mama peke yake; unga uliomo ndani ya punje una sehemu ya baba, na njano huishinda nyeupe. Kwa hiyo unaiona mwaka uleule, hata kabla hujapanda tena. Usiyafanye mbegu tu, ukitaka shamba jeupe. Mwakani acha mita 200 kati yenu au mpishane kupanda kwa wiki tatu hadi nne.

Chuki ya walaji wetu kwa mahindi ya njano ni ya kihistoria kuliko ya lishe. Wenye umri mkubwa wanakumbuka ya msaada wa chakula, yaliyobatizwa "Yanga" kwa rangi ya jezi. Ile njano ni ya karotenoidi, ambazo baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Meupe hayana.

SWALI: Kilosa hapa. Mahindi yangu yana wiki nne, majani ya chini yamekuwa ya zambarau, na upande wa pili wa shamba yana njano. Muuza pembejeo ameniambia nimwage DAP juu. Nimwage?

JIBU: Usimwage bado. Kwanza yasome majani, kwa sababu rangi hizo mbili zina maana mbili tofauti.

Zambarau kwenye mche mchanga, kuanzia majani ya chini, ni dalili ya kukosa fosforasi. Kukosa kunaweza kumaanisha haimo kwenye udongo, au imo lakini mizizi haiifikii: udongo wa baridi, uliotuama maji, au mizizi iliyokatwa kwa jembe wakati wa palizi. Chimbua mche mmoja utazame mizizi kabla ya kutoa fedha. DAP ya juu ndiyo inayoleta hasara hapa, kwa kuwa fosforasi haitembei kwenye udongo. Ikimwagwa juu inabaki juu, na mizizi iko chini. Ndiyo maana mbolea ya kupandia inaitwa ya kupandia.

Njano itazame ilivyokaa. Ikianzia kwenye ncha ya jani la chini na kurudi nyuma kufuata ule mshipa wa kati, ikichora herufi V, hapo nitrojeni imepungua. Kama kinachokauka ni kingo za jani, kana kwamba zimeunguzwa na moto, huku katikati kukiwa kijani, shida ni potasiamu. Michirizi mipana myeupe kwenye majani machanga, karibu na shina, ni zinki. Na majani yakijikunja kama sigara saa nane mchana kisha kufunguka jioni, hayo yana kiu tu.

Kwa upande wako wa njano, wiki ya nne ndiyo wakati wa mbolea ya kukuzia, mahindi yakiwa usawa wa goti. Mfuko mmoja wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, na hicho ndicho kiasi cha kawaida cha kuanzia kwa ekari. Palilia kwanza, la sivyo unalisha magugu. Subiri udongo uwe na unyevu, chimba kijifereji au kishimo sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, tia, funika. Urea iliyoachwa wazi juani hugeuka hewa, na ile harufu kali unayoisikia ni fedha yako inaondoka. Usiidondoshe kwenye moyo wa mmea, inaunguza. Shamba la nafasi ya sentimita 75 kwa 60 lenye miche miwili kila shimo lina mashimo kama 9,000 kwa ekari; mfuko mmoja unakupa kizibo kimoja cha soda kila shimo, ukikisawazisha kwa kidole. Wanaotumia konzi ya mkono huishiwa na mbolea katikati ya shamba.

SWALI: Nimepiga dawa ya viwavijeshi mara tatu, tena dawa ya bei, na bado mahindi yanatobolewa. Ni msomaji wa Babati.

JIBU: Kwanza tuhakikishe ni viwavijeshi vamizi, wale walioonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuingia kwetu mwaka uliofuata. Mshike mmoja mkubwa: kwenye paji la uso ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Kama hana, una kiwavi mwingine na huenda una dawa isiyomhusu.

Kama ndiye, tunashuku saa ulizopigia. Mdudu huyu hula zaidi usiku na mchana hujificha ndani ya moyo wa mmea. Akishakuwa mkubwa huziba mlango wa moyo kwa kinyesi chake, kile kinachofanana na unga wa mbao uliolowa, na dawa inayonyunyizwa saa tano mchana kwa juu juu inaishia kwenye majani. Piga alfajiri au kuanzia saa kumi na moja jioni, ukiielekeza bomba la pampu kwenye moyo wa kila mmea.

La pili ni umri. Kipepeo wa usiku hutaga mayai kati ya 100 na 200 kwa kichane kimoja, kimefunikwa na manyoya kama ukungu. Yakianguliwa, vitoto hukwangua jani bila kulitoboa, na huacha mabaka yanayopitisha mwanga kama karatasi ya nailoni. Hapo ndipo dawa inafanya kazi. Ukiona matobo makubwa, umechelewa kwa wiki moja au zaidi. Kwa hiyo kagua mara mbili kwa wiki tangu miche itokeze: simama sehemu tano za shamba, kila sehemu tazama mimea 20. Ikiwa mimea 20 kati ya hiyo 100 ina dalili mpya, piga. Pungufu ya hapo, ponda mayai kwa vidole na tia mchanga mkavu au majivu kidogo kwenye moyo wa mimea iliyoshambuliwa. Kwa nusu ekari kazi hiyo inawezekana kabisa, na vijana wenye macho makali huifanya vizuri kuliko pampu.

La tatu, je, hizo mara tatu zilikuwa za kiambata kilekile? Majina ya chupa yanatofautiana, kilichomo ndani ni kimoja. Soma maandishi madogo na ubadilishe kundi, maana mdudu huyu huzoea upesi. Mbelewele zikishatoka, acha. Wadudu wako ndani ya maganda ambako dawa haifiki, na utakayemuua ni nyuki.

SWALI: Kongwa. Tunasikia sana habari za sumukuvu. Kuchemsha sana ugali kunaiondoa? Na mahindi yaliyooza kidogo, si yanafaa kwa pombe au kuku?

JIBU: Hapana, na hapana. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu, lakini ukungu ukifa sumu hubaki. Moto wa jikoni hauivunji, uchachu wa pombe hauiondoi. Kuku hudhoofika nayo, na ng'ombe akiila, sehemu yake hutoka kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki; Kenya, mwaka 2004, waliougua walikuwa 317 na waliofariki 125. Hao ni waliokula kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi huharibu ini lake bila kujua. Na Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa siku kadhaa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, sababu iliyotajwa ilikuwa hiyohiyo. Kiwango cha juu cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, sawa na gramu 10 ndani ya tani 1,000. Hakuna jicho linaloweza kuona hicho, kwa hiyo msimwamini anayesema "haya ni safi, tazama yalivyo meupe".

Kinachowezekana ni kuunyima ukungu nafasi. Nusu ya kazi iko shambani: mmea uliopigwa na ukame au kutobolewa na wadudu ndio ukungu unaoupenda. Ipo Aflasafe, punje zilizopakwa ukungu wa jamii hiyohiyo usiotengeneza sumu, zinazomwagwa kilo 4 kwa ekari wiki mbili hadi tatu kabla ya kuchanua, ili ule usio na sumu uwahi nafasi ya wenye sumu.

Nusu ya pili ni baada ya kukomaa. Hindi limekomaa pale ambapo punje ukiing'oa unakuta kidoa cheusi kwenye kitako chake. Siku hiyo bado lina maji mengi, karibu theluthi ya uzito, kwa hiyo linaendelea kukauka shambani; lakini ukiliacha limesimama hadi mvua nyingine ilikute, au ukilirundika chini, umeufungulia ukungu mlango. Vuna, menya, na tenga yaliyooza kabla ya kupukuchua. Mashine ikishachanganya hutenganishi tena. Anika juu ya turubai au kichanja, tabaka lisizidi sentimita 5, geuza mara kwa mara, funika jioni kabla umande haujashuka. Kuanika juu ya udongo mtupu kunarudisha unyevu usiku, na vumbi lenyewe ndilo lenye mbegu za ukungu.

Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atumie chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi uliyoianika juani, funga, tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha turubaini. Ikianguka yote chini, umefika karibu. Ongeza siku moja ya jua kabla ya kufunga magunia.

SWALI: Jamani, mimi ni mama wa nyumbani, Temeke. Daktari amesema tule dona. Nikisaga, baada ya wiki tatu linakuwa chungu na watoto wanalikataa. Nirudi kwenye sembe?

JIBU: Uchungu huo ni mafuta yaliyoharibika. Kiini cha punje ndicho chenye karibu mafuta yote ya hindi. Sembe hukobolewa kiini na ganda vikaondoka kama pumba, wakati mwingine robo ya uzito na zaidi, ndiyo maana hukaa miezi bila kubadilika ladha: kinachoweza kuharibika kimeshapewa kuku. Dona linabaki nacho, pamoja na nyuzinyuzi, vitamini na madini yake. Kwa hiyo nunua mahindi, usiweke akiba ya unga. Saga ya wiki mbili tu, acha unga upoe kabisa kabla ya kufunika, maana ukitoka mashineni una joto na ukifungwa hivyo unatoa jasho. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na jiko. Kwa watoto, mwambie msagishaji atumie chekeche laini, tia maji yanayozidi kidogo yale ya sembe na upike muda mrefu zaidi. Dona linalosemwa "linakwaruza" mara nyingi halijaiva.

Lakini tuseme na upande wa pili, ambao matangazo ya dona huuruka. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa huipunguza. Dona la mahindi mabaya ni baya kuliko sembe la mahindi hayohayo. Kabla ya kupeleka mashineni, mwaga kwenye ungo, toa zilizopasuka, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au kahawia, na zilizotobolewa. Kilo 10 zinakuchukua kama nusu saa. Asiye na muda huo, na anunue sembe la kiwanda lililoandikwa kwamba limeongezwa virutubishi.

SWALI: Urambo, Tabora. Scania wamemaliza mahindi yangu ghalani, nimeweka dawa juu ya mahindi yakiwa na maganda.

JIBU: Dumuzi, au Scania kama mnavyomwita, alitoka Amerika ya Kati, na huko kwenu Tabora ndiko Afrika ilikomtambua kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hutoboa hadi mbao za ghala. Dawa ya vumbi juu ya maganda haimfikii. Pukuchua, kausha, pepeta, kisha changanya kwa koleo juu ya turubai: gramu 100 kwa kilo 100 za mahindi. Chagua yenye viambata viwili, pirimifosi-metili kwa ajili ya fukusi na permetrini kwa ajili ya dumuzi, kwa kuwa kimoja hakiwamalizi wote. Safisha ghala na uchome mabaki ya msimu uliopita kabla ya kuingiza mapya.

Asiyetaka dawa atumie mifuko isiyopitisha hewa, yenye plastiki mbili ndani ya gunia. Mahindi yawe makavu kweli, bila vipande vya gunzi vinavyotoboa. Kamua hewa, sokota mdomo wa plastiki ya kwanza, ukunje na kufunga, kisha ya pili, kisha gunia. Wadudu humaliza hewa iliyobaki, wakafa. Kila ukifungua kuchota debe, umewaletea hewa mpya, kwa hiyo tenga mfuko mmoja wa kula na mingine usiiguse. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na pambana na panya.

SWALI: Wanunuzi wanadai rumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, eti ndiyo kawaida ya hapa. Kijana, Sumbawanga.

JIBU: Magunia kumi ya kilo 120 kwa bei ya kilo 100 ni kilo 200 umezitoa bure. Ujazo unaoruhusiwa hauzidi kilo 100. Uza kwa mizani, kwa bei ya kilo, na ikiwezekana muwe kundi, maana mnunuzi hukataa mizani ya mtu mmoja lakini lori haliondoki tupu.

SWALI: Kwa nini mahindi ya kuchoma ya jioni huwa magumu na hayana utamu, hata yakiwa mabichi? Mwenye jiko la mkaa, Mbagala.

JIBU: Yakishachumwa, sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha. Yaliyovunwa jana na kukaa kwenye kiroba juani yameshapoteza utamu kabla hujawasha mkaa. Nunua asubuhi, yawe na maganda yake ya kijani, ndevu za kahawia lakini bado zina unyevu kitakoni. Bonyeza punje kwa ukucha: likitoka maji meupe kama maziwa, linafaa, likitoka maji ya kupitisha mwanga, halijafika, na lisipotoka kitu, lipeleke kwenye makande. Weka kivulini, funika kwa gunia lililolowa, na menya moja moja kadiri wateja wanavyokuja.